Aliyotuambia Mama Ladan

Mimi na Edinah tulikaa kwa Mama Ladan mwaka mmoja na miezi saba, kwenye chumba cha mwisho karibu na bomba, na mpaka leo sijapata nyumba niliyoipenda kama ile. Ilikuwa nyuma ya msikiti, mjini Kitale: vyumba sita vya mabati vilivyotazamana, na ua katikati ambapo wakati wa mavuno mwenye nyumba alianika mahindi juu ya turubai. Asubuhi baridi iliuma vidole. Tulitoka na ndoo tumejifunga leso mbili mbili, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, na Edinah anaimba nyimbo za kwaya ya kwao huku meno yakigongana.

Hiyo ilikuwa 2012. Tulikuwa chuoni, mimi nikisomea ualimu wa chekechea, Edinah mapishi. Mimi nilitoka Bungoma, yeye Misikhu, na tulikutana siku ya kujiandikisha, kwenye foleni, tukiwa tumebeba magodoro ya rangi moja. Tulikula pamoja tangu siku hiyo. Jiko letu la makaa lilikuwa moja, sufuria mbili, na kila Jumapili Edinah alipika chapati za kuonyesha watu alichofundishwa wiki hiyo. Zilikuwa nzuri. Wapangaji wengine walikuwa wanapita mlangoni kwetu kusalimia bila sababu.

Mwenye nyumba tulimwogopa. Alikuwa mjane, mwembamba, mrefu, na sauti yake ilifika kila chumba bila yeye kuipandisha. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Ladan, msichana wa darasa la saba aliyekuwa anakuja kwetu kulamba sufuria ya keki. Sheria ya Mama Ladan ilikuwa rahisi: mgeni wa kiume akae uani watu wakimwona, na ikifika saa kumi na mbili jioni awe nje ya geti. Sisi tulimwita Afande, yeye akiwa mbali.

Levi alikuja muhula wa pili. Alikuwa kijana wa Bokoli anayesomea umeme, mpole, mwenye kucheka kwa pua. Alimtengenezea Edinah redio iliyokuwa imekufa, na akakataa kulipwa. Baada ya hapo tukawa watu watatu. Tulitoka chuoni pamoja jioni, mvua ya Kitale ikitunyeshea, tumeshika mahindi ya kuchoma yanayotoa moshi, Levi katikati akitusimulia vile baba yake alivyomfukuza ng'ombe wa jirani kwenye miwa, yeye mwenyewe akaangukia mtaroni. Nilimpenda kama kaka. Nikifikiria miaka ile, kwanza naona barabara ile yenye matope na sisi watatu tukiruka madimbwi.

Siku moja tulikuwa tunamenya viazi, Edinah akaniambia kwamba yeye na Levi wameanza. Aliniambia bila kuinua macho.

"Mlitumia kondomu?" nikamuuliza.

"Si ananipenda," akasema. "Ati mtu anayekupenda anaweza kukuletea ugonjwa?"

Nilijua kile alichojua yeye, na hakikuwa kingi. Kwetu nyumbani mambo hayo yalisemwa kwa neno moja, jichunge, na neno hilo lilitakiwa kutosha. Ugonjwa tuliuona kuwa wa watu wa kwenye mabango ya ukutani, watu wazima, wa mbali. Tulichoogopa ni mimba peke yake. Kwa hiyo Edinah alinituma duka la dawa karibu na stendi nikamnunulie P2, vile vidonge vya kuzuia mimba baada ya tendo, kwa sababu mwenye duka alikuwa anamfahamu shangazi yake wa pale mjini. Nilienda mara ya kwanza nikiwa nimejifunika kofia ya sweta. Nilienda mara ya pili. Mara ya tano sikujifunika tena, nilikuwa nanunua kama mtu anayenunua peremende.

Mwezi wa saba Edinah akaacha kuimba. Mwanzoni nilidhani wamegombana na Levi. Kisha nikaona anatembea ameinama kidogo, mkono chini ya kitovu, na kwamba anafua nguo zake za ndani peke yake, akijificha. Nikamuuliza. Akasema ni tumbo la mwezi. Wiki mbili baadaye bado ni tumbo la mwezi. Nikamwambia twende kwa nesi wa chuo.

"Yule? Yule anaimba kwaya na shangazi yangu," akasema. "Heri nife."

Alinunua vidonge dukani, vinavyouzwa kimoja kimoja, akameza vinne maumivu yakapungua, akaacha. Yakarudi. Akaanza kujiosha kwa maji ya chumvi na dawa kali ya kuua vijidudu, ile ya kusafishia vidonda, mpaka chumba kikanuka kama zahanati. Levi alipokuja alimwambia ana malaria, na Levi akamletea machungwa.

Jumamosi moja asubuhi, mvua ya manyunyu imeshika tangu alfajiri, hakuweza kuamka. Alikuwa na homa na jasho. Nilikimbia kwa Mama Ladan kuomba tangawizi nimchemshie chai. Akauliza:

"Nani mgonjwa?"

"Edinah, Mama. Ni tumbo."

Hakunipa tangawizi. Alivaa viatu, akavuka ua nyuma yangu, akaingia chumbani kwetu kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Aliangalia beseni chini ya kitanda. Akanusa. Akaokota karatasi ya vidonge iliyobaki na vitatu, akaigeuza, akairudisha mezani. Kisha akafunga mlango na kuketi kwenye kitanda changu.

"Yameanza lini?"

"Nini, Mama?" Edinah akauliza.

"Usiniulize nini. Hayo maumivu ya chini. Na huo uchafu unaouosha na dawa ya vidonda. Yameanza lini?"

Edinah akageukia ukutani akaanza kulia. Mimi nikajibu badala yake kwamba ni karibu wiki tano. Nilikuwa nangoja atuambie tufungashe vitu tuhame. Mama Ladan aliilaza mikono magotini. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini mno, sikuwahi kuisikia vile.

"Mnamwona Ladan? Mmewahi kujiuliza kwa nini ni mmoja?"

Tulikuwa tumejiuliza. Tulidhani ni kwa sababu mume alikufa mapema.

"Baba yake, Abdinasir, alikuwa anapeleka mahindi Lodwar na lori," akasema. "Ladan hajafika miaka miwili, nikaanza kuumwa hapo hapo unapoumwa wewe. Nikanyamaza. Nikachemsha majani nikanywa. Muuguzi wa zahanati alikuwa jirani yangu, nikaona haya. Nilinyamaza miezi minane. Nilipoenda, walinipa dawa, nikapona. Lakini walisema nimlete mume naye atibiwe, na hilo sikulifanya. Ningemwambia nini? Nikaugua tena. Nikatibiwa tena, peke yangu, kwa siri. Tulikaa miaka minane baada ya hapo na mtoto mwingine sikupata."

"Alikulaumu?" nikauliza. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Hapana. Alikuwa mtu mzuri. Alisema Ladan anatosha. Amekufa akidhani ni Mungu tu alivyopanga. Labda yeye ndiye aliyeleta ugonjwa, labda ulikuwa mwilini mwangu tangu mume wangu wa kwanza, sijui. Hatukuongea. Hiyo ndiyo habari yote, hatukuongea."

Mvua iligonga mabati. Edinah alikuwa amegeuka, anamtazama.

"Sasa sikiliza, binti yangu. Ya dini yako utaongea na Mungu wako. Mimi naongea ya tumbo. Vaa sweta twende."

"Utamwambia mama yangu?"

"Mama yako simjui. Vaa viatu."

Tulienda hospitali, watu watatu chini ya mwavuli mmoja, Edinah katikati. Foleni ilikuwa ndefu. Mzee mmoja mwenye koti la ngozi alijaribu kupita mbele, na Mama Ladan alimwambia kwa adabu kubwa kwamba kama anaharakisha kuliko msichana mwenye homa, basi atuonyeshe naye homa yake. Alirudi nyuma. Edinah alicheka kidogo, halafu akashika tumbo.

Daktari aliyemwona alikuwa dada kijana aitwaye Chepkemoi, si mkubwa kwetu sana. Alituomba mimi na Mama Ladan tubaki nje. Tulikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Yaliyotendeka ndani Edinah alinisimulia baadaye, mara nyingi, kwa sababu kilichomshangaza zaidi ni kwamba hakugombezwa. Chepkemoi alimuuliza maswali ya wazi kana kwamba anauliza kuhusu kikohozi. Alimpima mimba, hakuwa nayo. Alimpima virusi vya Ukimwi baada ya kumuuliza kama anakubali, na zile dakika za kungoja majibu, Edinah alisema, alihesabu vigae vya ukuta wote. Hakuwa navyo, lakini aliambiwa arudi baada ya miezi mitatu kupimwa tena. Kisha akaelezwa kwamba ana maambukizi ya zinaa ambayo yamepanda hadi kwenye kizazi, kwamba yanatibika, na kwamba ni vizuri amekuja sasa na si mwezi ujao.

"P2 ni ya dharura," Chepkemoi alimwambia. "Si ya kila wiki. Na haizuii ugonjwa hata mmoja. Kuna njia za kupanga uzazi, tutaziongea ukipona. Kondomu ndiyo inazuia ugonjwa. Na huko ndani hakuoshwi na dawa ya vidonda, unazidi kujiumiza."

Akachomwa sindano, akapewa vidonge vya siku kumi na nne na onyo la kumaliza vyote hata akijisikia amepona. Alipewa pia karatasi ndogo ya kumpelekea Levi, ili naye aje atibiwe. Mpaka wote wawili wamalize dawa, wasikutane kimwili.

Hiyo karatasi ndiyo iliyomsumbua kuliko sindano. Alikaa nayo siku tatu ndani ya daftari la mapishi. Siku ya nne, Jumanne mchana, Levi alikuja, akaketi uani kwenye kigoda kama kawaida. Mimi nilikuwa naosha vyombo bombani, na Edinah aliniomba nisiondoke.

Akamwambia yote, kwa maneno machache. Akamwekea karatasi gotini.

Levi aliisoma mara mbili. "Mimi siko mgonjwa," akasema. "Sina maumivu, sina kitu. Labda ni wewe umetoa mahali."

"Sijatoa mahali," Edinah akasema. "Na sijakuita nikulaumu. Daktari alisema mtu anaweza kuwa na ugonjwa bila dalili. Nimekuita uende upimwe."

"Ati niende nisimame kwa foleni ya magonjwa hayo, watu wananiona?"

"Mimi nilisimama."

Akainuka. Alichukua karatasi, hilo nililiona, akaitia mfukoni, akatoka bila kwaheri.

Siku tisa hatukumwona. Chuoni alipita njia ya nyuma ya karakana. Edinah alilia, lakini alimeza dawa zake asubuhi na jioni kwa saa ile ile, na mimi nilimkumbusha, na Ladan mdogo, asiyejua ni za nini, alikuja kumletea maji. Siku ya sita homa haikuwepo tena na rangi ikamrudia usoni. Siku hiyo aliniambia, akichambua mchele, "Nelima, nampenda huyu mtu. Lakini asipotibiwa sitamgusa. Hata akirudi na ng'ombe kumi." Alisema hivyo akiwa ametulia, nikajua hatanii.

Siku ya kumi Levi alikuja. Alikuwa amekonda, au labda ni vile nilivyomwona. Alimpa Edinah ile karatasi, nyuma yake kuna muhuri wa hospitali.

"Nilikuwa nao huo ugonjwa," akasema. "Wamenidunga sindano. Ya Ukimwi nimepimwa pia, sina." Akakwaruza udongo kwa kiatu. "Nikiwa likizo Desemba, kabla yako, kulikuwa na msichana nyumbani Bokoli. Sikujua kama ni yeye au ni mimi. Nimempigia. Nimemwambia aende hospitali."

"Alisema nini?"

"Alinitukana. Halafu akasema ataenda. Nisamehe vile niliongea."

Edinah aliigeuza ile karatasi mikononi. Nilimjua, nilijua ameumia na amemheshimu kwa wakati mmoja. Mwishowe alisema, "Keti." Mama Ladan, aliyekuwa anapepeta mahindi upande wa pili na bila shaka amesikia kila neno, aliinuka akaingia ndani. Alirudi na kikombe cha chai ya maziwa, akampa Levi. Alikuwa hajawahi kumpa mgeni wa kiume hata maji. Ilipofika saa kumi na mbili, hata hivyo, alimwonyesha geti.

Baada ya miezi mitatu walirudi kupimwa pamoja, na mimi nikaenda nao. Mimi nilikuwa sijaanza mambo hayo, lakini nilitaka kujua kunakuwaje, nisije nikaogopa siku yangu ikifika. Wote tulikuwa salama. Tulipita sokoni tukanunua parachichi, tukala tumekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, tukaona Mlima Elgon wote mpaka juu, bila wingu, jambo ambalo mwezi ule halikuwa la kawaida. Levi alikuwa na kondomu kwenye mfuko wa begi, Edinah akamtania mbele yangu, na wala hakuona haya. Miezi sita nyuma tusingeweza kulitaja hilo neno kwa sauti.

Waliendelea mpaka tukamaliza chuo. Kisha kazi ikampeleka Levi Lwakhakha, mpakani, Edinah akapata kazi ya hoteli Bungoma, na mapenzi yao yakaisha polepole bila ugomvi, kama mengi ya umri ule. Siku hizi Levi ana duka la vifaa vya umeme huko na familia yake. Mwaka Mpya hutuma salamu kwetu sote wawili, ujumbe mmoja ule ule.

Edinah aliolewa na mwalimu. Walikaa miaka mitatu bila mtoto, na nilikuwa naye siku daktari alipomwambia kwamba mrija mmoja umeziba, huenda ni kwa sababu ya maradhi ya zamani, na kwamba ule mwingine ni mzima. Mumewe alikuwa anajua yote. Edinah alimwambia kabla ya kuvishana pete. Mwaka uliofuata Nanyama akazaliwa, baadaye na mdogo wake. Mimi nami, nilipompata niliyemtaka, nilimwambia kabla ya lolote twende tupimwe. Nilidhani atakasirika. Alisema alikuwa anatafuta namna ya kuniambia hivyo hivyo na ameshindwa wiki mbili.

Mwezi wa nne mwaka huu Edinah alinipigia simu. "Sasa Nelima. Unajua Afande yuko hapa Bungoma?"

Nyumba ya Kitale iliuzwa. Sasa hapo pana ghorofa na maduka chini. Mama Ladan anaishi na binti yake, ambaye ni mfamasia, mtaa wa karibu na msikiti. Tulienda Jumamosi, tukampelekea ndizi na kuku. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini alitujua kwa sauti. Alimpapasa Nanyama uso na kumuuliza kama mama yake bado anachoma chapati pembeni. Tuliongea mpaka koo zikakauka: bomba lililokauka, mpangaji aliyefuga njiwa chumbani, ile redio. Tulicheka sana, na katikati ya kucheka nikatamani kurudi pale. Hakuna anayeweza kunirudisha hata kwa asubuhi moja.

Ladan alipoenda jikoni, Edinah akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, yale uliyotuambia. Yeye ulimwambia?"

"Nyinyi mlikuwa wa kwanza," Mama Ladan akasema. "Kabla ya siku ile hakuna mtu duniani aliyesikia. Ladan nilimwambia wiki aliyokwenda chuo. Ilikuwa ngumu zaidi. Nyinyi mlikuwa wapangaji tu."

"Aliniambia huku anakunja nguo zangu," Ladan akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na birika, amesikia. "Shati moja alilikunja mara nne. Hakunitazama hata kidogo. Lakini alimaliza."

"Nilimaliza," mama yake akakubali, akanyoosha mkono kutafuta kikombe.

Ladan akamshikisha, akatumiminia na sisi. Nje watoto walikuwa wanakimbizana na jua la Bungoma lilikuwa kali. Hatukuondoka mpaka saa kumi.